Ndege wa Pili Alitoka Wapi?

Mwaka 2006 zilitoka filamu mbili kuhusu wafanya mazingaombwe wa zamani. Katika The Illusionist ya Neil Burger, Edward Norton anawashangaza watu wa Vienna. Katika The Prestige ya Christopher Nolan, Hugh Jackman na Christian Bale wanahasimiana London. Ya Burger inapendeza macho, lakini mchungwa wake unaochipua jukwaani unanukia kompyuta, na hapo mtazamaji hana cha kufumbua. Nolan anatuonyesha ufundi wenyewe, na gharama yake: ndege anapondwa ndani ya tundu linalokunjika, wa pili anatolewa akiwa mzima, ukumbi unashangilia. Mtoto mmoja tu analia, akiuliza ndugu wa ndege huyo yuko wapi. Fumbo zima la filamu limo katika swali hilo. Kwangu mimi, The Prestige ndiyo bora.