Simu za Upepo Kutiwa Programu Mpya: Mazungumzo na Wahudumu wa Afya na Walinzi wa Usiku



Kuna maneno yanapita mitaani kwamba simu za upepo zinakusanywa ili zisirudishwe. Si kweli. Kila simu itarudi kwa yule anayeitumia. Zinaletwa ofisini kutiwa programu mpya, na ni vizuri mjue kazi hiyo ni nini.

Programu ni maagizo yaliyoandikwa ndani ya simu. Simu ya dijitali huigeuza sauti yako kuwa tarakimu, na simu ya mwenzako huzigeuza tarakimu hizo kuwa sauti tena. Katika utaratibu uitwao DMR, uliotolewa Ulaya mwaka 2005, chaneli moja hugawanywa zamu mbili za milisekunde 30 kila moja, hata watu wa mazungumzo mawili wakasema kwa wakati mmoja bila kugongana. Anayepanga zamu hizo ni programu. Kiwanda kikiona kasoro, huisahihisha na kutoa nyingine. Chombo ni kile kile. Maagizo ndiyo yanayobadilika.

Sasa sikilizeni kwa makini. Wakati wa kazi hii, programu ya zamani hufutwa ndipo mpya iandikwe. Umeme ukikatika katikati, simu inaweza isiwake tena. Kwa hiyo tunawaomba:

1. Lete simu siku ya zamu yako, betri ikiwa imejaa.

2. Mwache fundi asome kwanza chaneli na namba ya simu yako na kuweka nakala kwenye kompyuta. Bila nakala hiyo, simu inaweza kuwaka lakini isimpate mtu.

3. Usiguse waya mpaka fundi aseme amemaliza.

4. Kabla ya kuondoka, ita kituo na usubiri jibu. Kisha bonyeza kitufe cha dharura mbele ya fundi, kituo kikiwa kimekwisha kuarifiwa. Usichukue simu ambayo hukuijaribu.

Msilete simu zote za zahanati kwa siku moja. Moja ibaki kazini. Mama mwenye uchungu hachagui saa, na mkunga akiita gari usiku lazima awepo wa kumsikia.

Pia, msiwape simu hizi mafundi wa vibandani, hata wawe hodari. Programu ya aina nyingine ya simu inaweza kuiua yako. Tena chaneli zetu zinatumika kwa kibali cha serikali. Si za kugawiwa mtu mwingine.

Jambo la mwisho. Programu mpya haiondoi mlima wala haijazi betri. Simu ya zamani ikiwa mbali ilikuwa inakoroma, nawe ukajua mawasiliano yanapotea. Ya dijitali husikika vizuri, halafu hukatika ghafla. Sauti ikikatika, usidhani mwenzako amenyamaza au amekataa kujibu. Simamisha antena, sogea mahali palipoinuka, uite tena. Ukishindwa, mtume mtu kwa miguu mara moja. Usingoje asubuhi.

Aliyesikia haya amweleze mwenzake wa zamu ya usiku, maana huyo ndiye atakayeihitaji simu wakati wengine tumelala.