Kijana Anapoaga Kliniki ya Watoto

Kama mmekusanyika kikundi, mmoja wenu na awe na karatasi na kalamu, maana leo tutaandika.

Tuseme wewe ni mama wa Kawe, unakaa karibu na viwanja vya Tanganyika Packers, na una kijana mwenye hali ya Down. Tangu utoto umempeleka kliniki ya watoto kwa daladala, hata wauguzi wanamjua kwa jina. Sasa ametimiza miaka 18, na kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yeye si mtoto tena. Siku moja unaambiwa, “Mama, huyu sasa ni wa kliniki ya wakubwa.” Huko daktari mgeni anakuuliza: Moyo wake ulipimwa lini? Dawa gani ilimdhuru? Nusu unakumbuka, nusu umesahau.

Kwanza tuijue hali yenyewe. Jina lake limetokana na daktari Mwingereza, John Langdon Down, aliyeieleza mwaka 1866. Sababu yake ilitangazwa huko Ufaransa mwaka 1959. Katika seli za mwili mna nyuzi ndogo sana ziitwazo kromosomu, nazo ni 46, yaani jozi 23. Mwenye hali ya Down huwa na nyuzi tatu za namba 21 badala ya mbili. Si uchawi, wala si jambo alilokula mama wakati wa mimba.

Sasa dada yake kijana huyu amechumbiwa, na upande wa mume wananong’ona. Binti anakuuliza, “Mama, nami nitazaa mtoto wa namna hiyo?” Wako watu ambao kazi yao ni kulijibu swali hilo, nao ni washauri wa urithi. (Sisemi urithi wa nyumba na minazi, huo una mahakama yake.) Chuo cha Sarah Lawrence, Marekani, kilianza kuwafundisha mwaka 1969. Hapa kwetu mara nyingi kazi hiyo humwangukia daktari.

Jibu ni hili. Kwa watu kama 95 katika kila 100 wenye hali hiyo, uzi wa ziada ulitokea kwa bahati tu. Haukurithiwa, na dada hana la kuogopa kuliko binti mwingine yeyote. Kwa wachache, uzi wa 21 umeshikamana na uzi mwingine, na pengine mzazi mwenye afya njema ndiye aliyeubeba. Basi dada naye aweza kuubeba. Tofauti hii haionekani usoni. Huonekana kwa kupima damu ya kijana mwenyewe. Basi kabla ya kuagana na daktari wa watoto, muulize: Kipimo cha kromosomu kilifanywa? Majibu yako wapi?

Lakini kuna jambo linalonisumbua zaidi. Kijana aliyekuwa mchangamfu anaanza kulala mno, kunenepa, kunyamaza. Jirani anasema, “Ndivyo walivyo.” Sivyo! Watu wa hali hii mara nyingi hupata ulegevu wa tezi iliyo mbele ya koo. Kipimo cha damu huuonyesha, na vidonge huutibu. Daktari wa wakubwa asipoambiwa kwamba zamani kijana alikuwa akiimba na kucheza, atajuaje kwamba amebadilika? Omba tezi ipimwe kila mwaka, na masikio na macho yasisahauliwe. Akipita miaka 40, angalieni pia usahaulifu, kwani ugonjwa wa Alzheimer huwajia mapema.

Haya, shikeni kalamu. Andikeni magonjwa aliyougua na miaka yake, upasuaji, dawa anazotumia, dawa zilizomdhuru, na majibu ya kromosomu. Chini yake andikeni alivyo siku akiwa mzima: anapenda nini, anafanya kazi gani nyumbani, anasemaje anapoumwa. Karatasi hiyo aibebe kijana mwenyewe. Daktari akiuliza, mwacheni yeye ajibu kwanza, hata akichelewa.

Juma lijalo tutazungumza habari za kifafa. Kwa herini.