Mizigo mizito: lori au treni?

Nimeombwa niweke hapa maneno niliyowaambia vijana wenzangu Loitokitok. Nimeyaacha vile yalivyotoka. Sitaji chama wala mwanasiasa. Mkiwataja kwa komenti, shauri yenu.

 

Kila msimu wa siasa tunasikia mambo mawili. Mmoja anapanda jukwaani anaapa atatoa malori barabarani, mizigo yote iende kwa reli. Mwenzake anapanda, anasema reli imekuja kuwanyima watu wa malori chakula. Sisi tunawapigia makofi wote wawili.

Tuanze na barabara. Wahandisi wanasema ekseli ikibeba uzito mara mbili, lami inaumia takriban mara 16. Si mara mbili, 16! Kwa hivyo si boda yako, wala probox ya mwalimu, inayochimba mashimo. Lakini kila lita unayotia kwa boda ina shilingi 25 za kutengeneza barabara, sawa na lita ya trela. Ndiyo, trela inakunywa mafuta mengi kukuliko, lakini hata hivyo hailipi kulingana na inavyoharibu. Wewe unaisaidia kulipa.

Kwa hilo mimi niko upande wa reli, nisifiche. Treni moja ya SGR inabeba kontena zaidi ya 100 za futi 20. Hesabu ni malori mangapi hayo.

Shida ni namna tulivyofanya. Agosti 2019 ilitoka amri: mizigo ya kutoka nje inayokuja Nairobi na kupita ipande SGR, ikakaguliwe Embakasi. Mombasa watu wakaandamana, Oktoba amri ikasitishwa, na Novemba 2020 Mahakama Kuu ikaifuta. Wananchi hawakuwa wamehusishwa.

Na hasira ile haikuwa ya wenye malori peke yao. Chukua mwenye hadiwea pale Kitengela. Kontena yake inapita Athi River, karibu imguse pua, inaenda mpaka Embakasi, inashushwa, halafu yeye anatafuta lori imrudishie nyuma. Analipa treni, analipa lori. Ile gharama ya lori ya mwisho huwa haisemwi jukwaani. Na kule Mtito Andei na Emali, mama wa chapati na fundi wa tairi wanakula kwa sababu lori imesimama. Treni haisimami kununua chapati.

Sasa angalieni kaunti yetu wenyewe. Magadi imeshuka kwa reli zaidi ya miaka 100, kupitia Kajiado na Konza hadi Mombasa. Inafaa reli: ni nzito, haiozi, inatoka kiwanda kimoja kwenda bandari moja. Nyanya ya Kimana je? Inachumwa leo, kesho iwe Marikiti. Ukiipandisha lori, treni, kisha lori tena, itafika sosi. Hiyo wacheni barabarani.

Kwa hivyo mtu akija hapa na maneno ya reli, msimuulize kama anapenda treni ama lori. Muulizeni ni mzigo gani, unashukia wapi, nani analipa lori ya mwisho, na tanboi wa Emali atakula nini mwaka ule wa kwanza.

Mimi nilimuuliza mmoja pale sokoni. Akaniambia nimalize shule kwanza.

Nimebakisha mwaka mmoja.