Nyumba Njo Shahidi Wetu
Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Kolwezi



Leo hatukusimama kwa ajili ya michango ya mwezi. Tunataka kuongea juu ya nyumba za zamani za mji wetu, sababu zinaondoka mbele ya macho yetu.

Tuliporudi kutoka Angola na Zambia, wengi wetu hatukuwa na karatasi hata moja. Zilipotea njiani, tangu vita vya 1978. Nani alitutambulisha? Nyumba. Mama mmoja kati yetu alisimama barabarani, kwenye siti, akasema: "Mi nilizalikwa humu. Jiko iko nyuma, na ule muti wa maembe baba njo aliupanda." Wakaenda nyuma, wakakuta jiko, wakakuta na mwembe. Majirani wakampokea siku ile ile.

Kolwezi ni mtoto wa mgodi. Union Minière iliuanzisha mji huu mwaka 1937, uwe makao ya migodi yake ya magharibi. Kabla ya hapo, mwisho wa miaka ya 1920, kampuni ilikuwa imeanza kuacha desturi ya kuleta wanaume peke yao kwa muda mfupi. Ikataka mfanyakazi akae na mke na watoto. Ndiyo maana makambi yalipata nyumba za kudumu, shule na dispensari. Tusidanganyane: zilijengwa ili kazi iende, na Wazungu walikaa upande wao. Lakini sisi njo tulizaa ndani yake, na matanga tukayalia ndani yake. Hata mgodi ulipoingia mikononi mwa taifa mwaka 1967, na baadaye kuitwa Gécamines, maisha yetu yalibaki kwenye kuta zile zile.

Sasa shaba na kobalti viko chini ya sakafu zetu. Kasulo mnaijua wote. Mwaka 2014 madini yalionekana ndani ya viwanja vya watu, wakachimba hadi vyumbani. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikahamishwa na kuzungushiwa ukuta. Leo ukiuliza nyumba ya fulani ilikuwa wapi, unaonyeshwa ukuta.

Si sisi tu. Kule Marekani kuna mji wa shaba unaoitwa Butte, jimbo la Montana. Mwaka 1955 walifungua shimo la Berkeley katikati ya watu, likameza mtaa mzima wa Meaderville. Mwaka 1982 kazi ikasimama, pampu zikazimwa, shimo likajaa maji ya sumu. Shaba iliisha faida, na mtaa haukurudi. Lakini majengo ya zamani yaliyosalia pale yameandikwa kuwa urithi wa taifa, na wageni wanasafiri kwenda kuyaona.

Nasi tuna sheria. Sheria ya 1971 inalinda mali za utamaduni. Katiba, kifungu cha 34, inasema mtu hanyang'anywi mali yake ila kwa manufaa ya wote, na fidia ya haki inatangulia. Inatangulia, ba ndugu! Lakini ukuta ukishaanguka, na karatasi huna, utaonyesha nini?

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kila mwanachama apige picha ya nyumba yake, mbele na nyuma, pamoja na miti na kisima. Wazee waseme nani alikaa wapi, na vijana waandike majina yote kwenye daftari. Ninyi marafiki wa mbali, mtusaidie kupata nakala mbili za daftari hilo, na mwanasheria wa kulipitia pamoja nasi.

Hatukatai mgodi. Watoto wetu wanakula humo. Tunachokataa ni kurudi mara ya pili, na safari hii tusikute hata mwembe wa kututambua.