Kupoza Bwawa la Kuogelea kwa Gharama Nafuu

Wenye mabwawa ya kuogelea hapa Mwanza hutuuliza kuhusu mashine za kupoza maji. Kabla ya kununua, tunawasihi muutumie usiku. Lita moja ya maji igeukapo mvuke huondoka na joto la karibu uniti 0.7 za umeme. Basi washeni pampu jua likizama, maji yarudi bwawani kwa kumwagika kutoka juu. Hewa ikijaa unyevu, nafuu hupungua. Mchana wekeni kivuli. Usiku liacheni bwawa wazi.

Linalotutia hofu ni kulijaza maji ya Ziwa Victoria ili lipoe. Maji hayo huweza kubeba vijidudu vya kichocho, navyo hupenya ngozi ya mtoto akicheza. Ongezeni maji ya bomba, na klorini itieni jioni, kwani jua huimaliza upesi.