Nani Mwenye Mji? Plunkitt wa Tammany na Ugomvi wa New York na Albany

Aliyemtaka George Washington Plunkitt, seneta wa jimbo la New York, hakupoteza muda kuulizia ofisi yake. Alikwenda kwenye jengo la mahakama la Kaunti ya New York, Manhattan, akamkuta kwenye kiti cha mng'arisha viatu, akitoa maoni kuhusu serikali ya jiji, serikali ya jimbo na udhaifu wa wasomi. Jengo lenyewe lilikuwa na historia yake. Lilijengwa enzi za William Tweed, bosi wa chama ambaye genge lake lilizila fedha za ujenzi bila kunawa, hata Tweed akafia gerezani mwaka 1878. Mahali pazuri pa kuzungumzia siasa.

William Riordon, mwandishi wa gazeti la Evening Post, aliyasikiliza maneno hayo na kuyaandika. Yalitoka kwanza gazetini, kisha mwaka 1905 yakawa kitabu chembamba, Plunkitt of Tammany Hall, ambacho hadi leo wanafunzi wa siasa Marekani wanapewa wakisome. Wanahistoria hawajaacha kubishana maneno ya Plunkitt ni yapi na chumvi ya Riordon ni ipi. Ubishi huo ni wa haki, lakini maisha ya msemaji hayana utata: yamo kwenye kumbukumbu za uchaguzi na za bunge.

Alizaliwa mwaka 1842, mtoto wa wahamiaji maskini kutoka Ireland, katika eneo ambalo baadaye liligeuzwa bustani ya Central Park. Shule aliiacha mapema. Akawa muuza nyama, akafungua bucha lake, akaingia kwenye ukandarasi, na kila biashara ilipopanda cheo nacho kilipanda. Mwaka 1870 alishika nafasi nne kwa mkupuo: mbunge wa jimbo, diwani, hakimu wa polisi na msimamizi wa kaunti. Mishahara alichukua mitatu. Jambo hilo hakulificha. Aliliweka kwenye orodha ya sifa zake. Alirudi mara kadhaa katika Seneti ya jimbo na kwa miaka mingi akawa kiongozi wa chama katika wilaya ya uchaguzi ya 15, upande wa magharibi wa Manhattan, kwenye mitaa ya wafanyakazi wa bandari na viwanda.

Chama chenyewe kilikuwa Tammany Hall, chombo kilichoendesha shughuli za chama cha Democratic Manhattan. Kilikuwa na kiongozi kila wilaya, na chini yake makapteni wa vituo waliojua nani amefiwa, nani hana kazi, nani kafukuzwa kwenye nyumba kwa kukosa kodi. Mtanzania atakayemkumbuka balozi wa nyumba kumi hatakuwa mbali sana na picha hiyo, ila huyu wa New York alikuwa na bajeti.

Maoni ya Plunkitt yaliyovuma zaidi ni yale ya ulaji. Aliugawa mafungu mawili, wa halali na wa haramu. Kuchota hazina ya umma, au kuwatoza wenye madanguro na kamari ili polisi wafumbe macho, huo ni haramu, na anayeufanya ni mjinga kwa sababu ataishia jela. Lakini mtu akidokezwa na wenzake chamani kwamba bustani mpya itapita mahali fulani, akawahi kununua viwanja, kisha akaviuza kwa jiji kwa faida, huyo kosa lake ni lipi? Alisimulia kwa furaha mnada wa mawe chakavu ya kutandikia barabara, vipande 250,000 vya granite. Aliwafuata washindani wake mmoja mmoja, akamwahidi kila mmoja mawe anayoyataka bure, mradi asipandishe bei. Mnada ulipofunguliwa, shehena nzima ilimwendea kwa dola 2.50.

Hapo wasomaji wengi huishia. Wanacheka, wanasikitika, wanafunga kitabu. Wanaikosa sehemu ambayo mhadhara huu unaiona kuwa nzito kuliko mawe yote ya mnadani, nayo ni maoni yake juu ya nani ana haki ya kuutawala mji.

Plunkitt aliamini jiji la New York linanyonywa na washamba. Jiji linazalisha mali, alisema, na wabunge wa vijijini wanakaa Albany, mji mkuu wa jimbo ulio zaidi ya kilomita 200 kaskazini, wakitunga sheria za kulikamua. Mfano aliopenda kuutoa ni sheria ya vileo ya mwaka 1896, iliyobeba jina la seneta John Raines. Sheria hiyo ilipandisha ada za leseni, ikapeleka sehemu ya mapato kwenye hazina ya jimbo, na ikapiga marufuku kuuza pombe Jumapili isipokuwa katika hoteli. Jumapili ndiyo siku pekee mfanyakazi wa jijini aliyokuwa na nafasi ya kunywa bia. Kwa kuwa sheria ilisema hoteli ni nyumba yenye vyumba kumi na inayotoa chakula, wenye baa walikata vyumba kwa mbao ghorofani na kuweka sandwichi mezani. Sandwichi ileile ilizunguka kutoka kwa mteja mmoja hadi mwingine bila kuliwa. Vile vyumba navyo vilipata wapangaji wa saa moja moja, jambo ambalo wacha Mungu wa Albany hawakuwa wamelipangia.

Kisheria, hali ilikuwa mbaya kuliko hata Plunkitt alivyoieleza. Mwaka 1868 jaji John Dillon wa jimbo la Iowa aliandika hukumu iliyokuja kutawala fikra za mahakama za Marekani: mji ni kiumbe wa jimbo. Hauna mamlaka ila yale uliyopewa na bunge la jimbo, na bunge lililoyatoa linaweza kuyachukua tena, au kuufuta mji wenyewe. Katiba ya Marekani haisemi lolote kuhusu serikali za miji, kwa hiyo hakuna pa kukata rufaa.

New York ilikuwa imeshaonja. Mwaka 1857 bunge la Albany lilimnyang'anya meya Fernando Wood jeshi la polisi na kuunda jipya chini ya makamishna wa jimbo. Wood aligoma kulivunja la kwake. Kwa muda jiji moja likawa na polisi wa aina mbili, na mwezi Juni wakapigana virungu mbele ya jengo la meya mpaka askari wa akiba wakaingilia kati. Jiji liliupata tena usimamizi wa polisi mwaka 1870 kupitia katiba ya jiji iliyosukumwa na nani? Tweed. Katika historia ya New York, haki ya mji kujitawala imetetewa mara kwa mara na watu ambao mtu hangewaachia pochi yake.

Kisha ikaja katiba ya jimbo ya mwaka 1894. Warepublican walioiandika waliona Manhattan na Brooklyn zinajaa wahamiaji, wakaweka ukuta mapema: kaunti moja isizidi theluthi moja ya maseneta, na kaunti mbili jirani, au zilizotenganishwa na maji tu, zisizidi nusu. Kati ya Manhattan na Brooklyn pana mto. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kifungu hicho kinamlenga nani. Sensa ya mwaka 1900 ilihesabu watu 3,437,202 katika jiji lililokuwa limeunganishwa upya kuwa na wilaya tano, katika jimbo la watu 7,268,894. Kufikia mwaka 1910 jiji lilikuwa limepita nusu ya jimbo zima, lakini katiba ilikuwa imeshahakikisha kwamba wingi huo hautatawala Albany.

Tiba ya Plunkitt ilikuwa fupi: jiji lijitenge, liwe jimbo. Wazo halikuwa lake peke yake. Wood aliwahi kupendekeza Januari 1861 kwamba New York iwe mji huru wakati majimbo ya kusini yanajitoa kwenye muungano, na mwaka 1969 mwandishi Norman Mailer aligombea umeya akiahidi jimbo la 51. Aliambulia kura chache. Tofauti ya Plunkitt ni kwamba alishaanza kuyaota matunda: gavana wa Tammany, bunge la Tammany, na maelfu ya ajira kwa vijana wa chama bila sheria ya mitihani kuwazuia.

Mitihani ya utumishi wa umma ndiyo iliyomkera kuliko yote. Sheria ya kitaifa ilipitishwa mwaka 1883, baada ya Rais James Garfield kuuawa na mtu aliyenyimwa cheo, na mwaka huohuo New York ikawa na ya kwake, chini ya sahihi ya gavana Grover Cleveland, Mdemokrat. Plunkitt alidai kijana aliyehangaikia kura mwaka mzima akiambiwa ajibu maswali ya kitabuni kwanza, ataacha kuipenda nchi yake. Hapa hoja yake inachekesha na inastahili kuchekwa. Serikali inayogawa kazi kama zawadi ya kampeni huwaacha nje wote wasio na kapteni.

Hivyo ndivyo mtu huyu anavyosumbua. Alikuwa sahihi kwamba jiji linatawaliwa na watu ambao halikuwachagua. Alikuwa pia na faida binafsi katika kila nafasi ambayo uhuru wa jiji ungeileta. Wanamageuzi wa wakati wake, mfano Seth Low, rais wa Chuo Kikuu cha Columbia aliyechaguliwa meya mwaka 1901, walikuwa na mikono safi, na baada ya miaka miwili wapiga kura wakawarudisha Tammany. Plunkitt alijua sababu. Moto ukiwaka usiku kwenye wilaya yake, alifika mapema na kuwatafutia waathirika malazi na nguo kabla shirika la misaada halijamaliza kuuliza kama wanastahili. Alihudhuria mazishi ya Wataliano na harusi ya Wayahudi. Ukarimu wa namna hiyo ni msaada au hongo? Tanzania ina uzoefu wa swali hilohilo: marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu takrima ya wagombea kwa wapiga kura, na Mahakama Kuu ikaifuta mwaka 2006 kwa kuwa inavunja katiba. Mpaka kati ya utu na hongo haukuwa umeonekana vizuri kwa macho ya bunge lililoipitisha.

Yeye mwenyewe aliangushwa kwa silaha yake. Mwaka 1904 alipoteza kiti cha Seneti kwa Mrepublican Martin Saxe, na mwaka uliofuata, kitabu chake kikiwa kipya, Thomas McManus akamnyang'anya uongozi wa wilaya. McManus huyo anatokea tena mahali pasipotarajiwa. Msichana aliyefanya kazi za jamii mitaa ile, Frances Perkins, alikuwa akiihudumia familia iliyomtegemea kijana wao pekee mwenye kipato, naye alikuwa amekamatwa. Shirika la hisani lilitaka uchunguzi kwanza. Perkins akamwendea McManus, na kijana akatoka. Hakusahau, na baadaye alipokuwa Albany akipigania sheria ya wanawake viwandani kutofanya kazi zaidi ya saa 54 kwa wiki, iliyopita mwaka 1912, kura zilizomwokoa zilikuwa za watu wa Tammany. Mwaka 1933 alikuwa mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la Marekani.

Ukuta wa mwaka 1894 ulivunjwa na kituo cha redio. WMCA ya New York ilifungua kesi, na mwaka 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba mgawanyo wa viti vya bunge la jimbo unawanyima wakazi wa jiji kura yenye uzito sawa. Mtu angetegemea kwamba ugomvi ungekwisha, maana Plunkitt aliulaumu ushamba na Urepublican, na vyote viwili vimepoteza nguvu Albany.

Haukuisha. Kamera za kunasa madereva wa mwendo kasi karibu na shule za jiji ziliruhusiwa na jimbo, na ruhusa ilipokwisha Julai 2018 kwa kuwa Seneti haikuirefusha, jiji lenye watu zaidi ya milioni nane lilishindwa kuwapiga faini madereva hao mpaka njia nyingine ikapatikana. Aprili 2020, katikati ya korona, meya Bill de Blasio alitangaza shule zitabaki zimefungwa hadi mwisho wa mwaka wa masomo. Siku hiyohiyo gavana Andrew Cuomo akasema uamuzi ni wake. Wote Wademokrat. Chama kimoja kinashika jiji na jimbo, na mvutano uko palepale kwa sababu haukuwa wa vyama tangu mwanzo. Ulikuwa wa mamlaka na fedha.

Anayeujua vizuri sasa ni Zohran Mamdani, aliyezaliwa Kampala mwaka 1991, na ambaye baba yake, Mahmood Mamdani, alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970. Akiwa mbunge wa jimbo kutoka Queens alisaidia kupata majaribio ya mabasi ya bure mwaka 2023, njia moja kila wilaya. Novemba 2025 alimshinda Cuomo na kuchaguliwa meya. Ahadi yake ya kuzuia kodi za nyumba zinazodhibitiwa zisipande inapita kwenye bodi ambayo wajumbe wake huteuliwa na meya. Mabasi anayotaka yawe ya bure, hata hivyo, yanaendeshwa na mamlaka ya usafiri ya jimbo, iliyoundwa mwaka 1965, ambayo mwenyekiti wake huteuliwa na gavana. Kodi ya mapato aliyoahidi kuwapandishia matajiri ili kulipia ahadi zake haiwezi kuongezwa bila kura ya Albany, na gavana Kathy Hochul, Mdemokrat kutoka Buffalo aliyemuunga mkono kwenye kampeni, alisema mapema kwamba hataki kupandisha kodi ya mapato.