Siku 60 na msimu wa zabibu
Mikopo ya kununulia nyumba bado ni michache Tanzania. Aghalabu nyumba iliyokwisha kujengwa ndiyo huwekwa rehani ili kupata mtaji. Biashara ikidorora, Sheria ya Ardhi, kwa marekebisho ya mwaka 2008, humpa mdaiwa notisi ya siku 60 alipe kabla nyumba haijauzwa. Mtumishi wa serikali jijini Dodoma aweza kujipanga. Mkulima wa zabibu wa Hombolo, anayesubiri mavuno, atazitoa wapi fedha katikati ya msimu? Benki zitasema, na ni kweli, kwamba zinakopesha akiba za watu. Lakini mnada wa haraka wakati wanunuzi wameishiwa hauiokoi akiba hiyo. Sheria yenyewe huitilia shaka bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi. Marejesho yafuate mavuno, na yaandikwe hivyo mkatabani kabla ya saini.